Bwana Afya Yuko Ndani

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Wateja wananijua: ukileta kitambaa cha mita mbili ukataka gauni la mita tatu, utaambiwa ukweli wako hapo hapo, uvimbe usivimbe. Kwa hiyo sijui nilipatwa na nini siku ile tunahama, nikamdanganya mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe.

Tangu baba yake afariki tulikuwa wanne nyumbani: mimi, binti yangu wa miaka minane, paka na mbwa. Binti tulimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake. Paka aliitwa Shangazi, maana kazi yake ilikuwa kukaa juu ya kabati na kututazama kama tuliokosa adabu. Mbwa ndiye Bwana Afya. Hakuna sufuria iliyofunguliwa jikoni kwangu asije kuikagua.

Mwenye nyumba mpya hakuzunguka mbuyu. "Paka sawa. Mbwa hapana," alisema, akanipa ufunguo. Nyumba tatu zilikuwa zimeshanikataa, na ya zamani mwenyewe aliitaka kabla ya mwezi kuisha. Nikapiga moyo konde. Asubuhi ya kuhama, Chiriku akiwa ameshakaa mbele ya lori na kapu la paka mapajani, nilimchukua Bwana Afya nikaenda kumfunga kwenye mguu wa benchi la fundi viatu, jirani yetu.

"Siku mbili tatu tu, kaka," nilimwambia.

"Haya, dada," akajibu bila kuacha kushona soli. Wote wawili tulijua naongopa.

Tulipofika, Chiriku alikimbilia nyuma ya lori akaanza kupekua magodoro. Nikamwambia mbwa ameruka kutoka kwenye lori njiani. Midomo ikaanza kumcheza, nami machozi ya mtoto huyu siyawezi, nikaongeza la pili: "Usilie, mama. Mbwa anajua njia. Atakuja mwenyewe."

Akaniamini. Aliosha bakuli la Bwana Afya, akaliweka karibu na mlango wa nyuma wa jikoni likiwa na chakula ndani, na mlango wenyewe akauzuia kwa kiatu chake usijifunge.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, mimi nikiwa kwenye cherehani sebuleni na yeye jikoni na madaftari yake, mlango wa nyuma ulikwaruzwa. Mara tatu, kisha kimya. Ndivyo Bwana Afya alivyokuwa akibisha hodi. Kabla sijatoa mguu kwenye pedali nikamsikia Chiriku akisema, "Karibu, pita," kwa sauti ya mtu anayeendelea kuandika.

Marehemu mama yangu alikuwa na sheria moja isiyovunjwa hata kwa homa: humkaribishi usiyemwona. Ukisikia hodi unauliza nani, unafungua, unatazama, ndipo unasema karibu. Chiriku nilimfundisha hivyo hivyo tangu anatambaa. Lakini mtoto aliyeambiwa na mama yake kwamba mbwa atakuja mwenyewe, aulize nani ya nini?

Nilitoka uani. Hakukuwa na kitu, wala alama ya mguu kwenye vumbi. Niliporudi ndani bakuli lilikuwa jeupe, limelambwa. Nikasema ni Shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa juu ya kabati chumbani, manyoya yamemsimama, na tangu jioni ile hakushuka tena. Chakula ikabidi nimpandishie huko huko.

"Si nilikwambia atakuja," Chiriku akaniambia wakati wa kulala, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na shaka. Nikajitia hamnazo. Watoto wana michezo yao, nikajisemea, na huu ukimsahaulisha, mimi nani niuvuruge?

Kilichonitoa kwenye ujinga ule ni mguu wake. Zamani, akiandika, alikuwa akimkanyagia Bwana Afya mgongoni chini ya meza, kama kigoda. Siku ya saba niliinama kuokota kifungo kilichobingirika hadi jikoni, nikauona mguu wa Chiriku. Umenyooshwa chini ya meza, kiasi cha shubiri moja juu ya sakafu, umetulia. Jaribu wewe kuinua mguu hivyo dakika tano uone kama hautatetemeka. Wake ulikuwa umeegemea kitu. Kisha ukapanda kidogo, ukashuka, ukapanda, taratibu, kwa pumzi za kitu hicho.

Sikulala. Kulipokucha nilimpeleka Chiriku shule, nikarudi mtaa wa zamani. Mungu anisamehe, njia nzima nilikuwa naomba niambiwe Bwana Afya amekufa. Kama amekufa, basi aliye jikoni kwangu ni yeye, amekuja kwa mapenzi yake, na hilo ningeweza kuishi nalo.

"Afadhali umekuja," fundi viatu alisema. "Hali chakula, dada. Kutwa analala kwenye mlango wenu wa zamani. Ninamrudisha na kumfunga, akifunguka anakwenda tena."

Bwana Afya akatoka chini ya benchi. Mbavu zahesabika. Alininusa viganja, akatikisa mkia mpaka kiuno kizima kikayumba. Nilipiga magoti pale nikalia mbele za watu, kwa aibu, na kwa woga nisioweza kumweleza fundi viatu.

Nikamfungua. Mwenye nyumba atufukuze akitaka. Nilikuwa nimeshaamua: nitamwambia mtoto kila kitu, anichukie wiki mbili, yaishe.

Tulifika Chiriku ameshatoka shule. Hatua tatu kabla ya mlango Bwana Afya alisimama. Nikavuta kamba, akakaza miguu. Hakubweka. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, macho kwenye ufa wa mlango.

Chiriku akafungua, akasimama kizingitini katika gauni la njano nililomshonea kwa ajili ya nyumba mpya. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Mama, huyu nani?"

"Ni Bwana Afya. Nilikudanganya, mwanangu. Hakuruka kwenye lori. Nilimwacha kwa fundi viatu. Nisamehe."

Hakulia. Aliinama kidogo, na Bwana Afya, kwa woga wake wote, akanyoosha shingo akamlamba mkono mara moja. Chiriku alimjua. Nilimwona akimjua, na rangi ikimtoka usoni.

"Ulisema atakuja mwenyewe," akasema polepole. "Na alikuja. Nikamwambia karibu."

Nyuma yake, kwenye sakafu ya sebule, nilisikia kucha zikitembea. Hazikuwa na haraka. Zikafika mlangoni, zikasimama.

"Njoo huku nje, Chiriku," nikasema. "Njoo kwa mama."

Akanyanyua mguu kuvuka kizingiti. Pindo la gauni likavutika nyuma, likanyooka, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Pindo lile nililishona kwa mkono, uzi maradufu, ili lisifumuke upesi. Nikamshika Chiriku mikono yote miwili nikavuta, huku nikiomba mshono wangu ukatike, na mshono wangu haukukatika.