Mchicha wa Wakwe

Usiku wa jana, kwa hesabu yangu mimi, niliota nimeingia bustanini kwangu na ungo, nichume mchicha wa wakwe. Binti yangu Atupele amejifungulia kwangu, mtoto ana siku nane, na upande wa baba yake wanakuja kumwona. Mboga yenye matundu huwezi kuwapakulia wakwe, watakusema mpaka wachoke. Mimi nilikuwa nimeona vidukari na matundu mawili matatu, aibu ikanishika, nikanyunyizia dawa kali. Hiyo ilikuwa juzi.

Nachuma jani la kwanza. Chupa ya dawa, iliyokaa juu ya tofali, inasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nilikueleza usivune kabla ya siku kumi na nne."

"Hukunieleza kitu."

"Nilieleza kwa maandishi madogo. Ndiyo sauti niliyopewa."

Sibishani nayo, maana miwani ninayo, ila sikuivaa. Nageuka nirudi jikoni, kumbe jikoni pamekuwa wodi. Kitandani umelazwa udongo wa bustani yangu, umefunikwa shuka hadi shingoni, ingawa shingo siioni. Umetundikiwa dripu ya maji ya mvua na unapumua kwa shida.

Daktari ni nyungunyungu mmoja mrefu aliyevaa koti jeupe. Mikono hana, kwa hiyo mikono ya koti inaning'inia tu.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Ni mimi. Nimekula kwake miaka kumi na tisa."

"Wenzangu mia tatu wamekufa tangu juzi," anasema. "Na kuwazika kwetu ni shida, maana tayari tuko chini."

Nampa pole.

"Umengoja siku mbili. Zimebaki kumi na mbili, na lazima zingojwe. Nani atazitoa katika nyumba hii?"

"Kwani zinatolewaje?"

"Mboga ataila binti yako, maziwa atayanyonya mtoto. Wa mwisho ni mtoto, nasi tunaanzia mwisho." Anachungulia faili. "Ana siku ngapi?"

"Nane."

"Hazitoshi. Tutachukua hizo nane, nne tutazitafuta kwa mama yake."

Nimeogopa mengi maishani, lakini hivi sijawahi. Nampigia magoti, mimi mama mzima, mbele ya nyungunyungu.

"Chukueni zangu, baba. Nina miaka hamsini na sita, siku ninazo tele. Kosa ni langu, sikutaka kuchekwa na wakwe."

"Jivu la kufukuzia wadudu hukuwa nalo?"

"Lilikuwepo jikoni."

"Maji ya sabuni?"

"Nayo yalikuwepo."

"Basi kilikuwa kiburi tu," anasema bila hasira, akaandika kwa mkia. "Lala chini."

Sakafu ya wodi ni tuta langu lenyewe. Najilaza katikati ya mistari ya mchicha. Udongo unajikongoja kutoka kitandani, unanifunika ile shuka yake, nayo ni ya baridi na nzito.

"Zikiisha nitajuaje?" nauliza.

"Hutajua."

Nikaamka jua limeshapanda. Pale pale chumbani, Atupele alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Nilishukuru Mungu nilipomsikia akilia. Kisha nikamtazama vizuri. Kitovu kimeshadondoka na kidonda kimekauka kabisa, wakati mimi jana yake nilikiacha kibichi, kimefungwa uzi.

"Kitovu kimedondoka lini?" nikauliza.

Atupele aliruka hata maji yakamwagika. Alilia kwanza, ndipo akajibu.

"Mama! Umelala siku kumi na mbili! Daktari amekuja mara tatu. Wakwe wamekuja, wamekaa, wameondoka. Wajomba walishaanza kuzungumza habari za jeneza."

Habari za jeneza niliziacha zipite. "Na ule mchicha? Nani ameula?"

"Tungeulaje, mama? Kila tulipogusa mlango wa uani, wewe hapo kitandani ulikuwa unasema 'bado', na macho umefumba."