Darubini Iliyogeuza Watu

Mukandori alimwambia mumewe wazi kwamba hataki kuiona darubini ndani ya nyumba yake. Kama ni lazima inunuliwe, basi inunuliwe ile kubwa isiyobebeka, ikae misheni kwa mapadri, watu waizoee ikiwa mahali pamoja. Kitu cha ajabu ukitembea nacho njiani, alisema, kitakuponza. Straton Hakorimana alicheka kicheko cha mtu aliyesoma miaka sita na kuona inatosha.

Alikuwa monita wa kilimo huko Masisi, mwaka 1952. Kazi yake ilikuwa kuteremka kutoka milimani hadi misitu ya Walikale, kijiji kwa kijiji, kupima mashamba ya mpunga ambayo serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu kuyalima, na kuandika katika daftari majina ya waliolima pungufu. Walioandikwa walilipa faini au walilala gerezani. Jambo hilo hakupenda kulifikiria sana. Kila mwezi alilala hemani siku kumi na mbili, peke yake, na kilichompa raha huko ni nyota. Padri mmoja aliwahi kumwonyesha mwezi kwa darubini, akaona mashimo yake na milima yake, na tangu siku hiyo moyo haukumtulia.

Wala hofu ya Mukandori haikuwa ya kipuuzi. Miaka ile, kuanzia Sake mpaka Walikale, hapakuwa na mtu ambaye hajasikia habari za batumbula. Ilisemwa kwamba ni watu weusi kama sisi, wametumwa na wazungu, wanatembea na vyombo vya vioo, na wakikukuta peke yako wanakuduwaza, wanakutundika kichwa chini kama mbuzi wa sikukuu na kukinga damu yako. Nani aliwahi kuwaona? Hakuna. Nani aliwahi kupotelewa na ndugu njiani? Wengi.

Straton akaenda Sake, kando ya ziwa. Huko mfanyabiashara mmoja Mgiriki alikuwa na darubini tatu, zilizoachwa na mtafuta madini aliyerudi kwao. Ya kwanza ilikuwa na miguu ya mbao na ilihitaji wapagazi wawili. Ya pili ilikuwa ya shaba, ya kukunja, nzuri ajabu, lakini bei yake ingemlia mtu mshahara wa mwaka. Ya tatu ilikuwa nyeusi, fupi kama mkono kuanzia kiwiko, na vijiguu vitatu vya chuma. Hiyo aliiweza. Iliingia kwenye mfuko wa hema bila kulalamika.

Mgiriki, ambaye hakuwa mwizi, alimwonya. Alimtoa nje akamwambia aangalie kwayo ziwani, na Straton akawaona wavuvi vichwa chini, miguu juu, mtumbwi umebandikwa angani. Akaambiwa kwamba darubini za nyota ndivyo zilivyo. Ile ya shaba ina kioo cha ziada cha kuwasimamisha watu sawasawa, ndiyo maana ni ghali. Straton akafikiri, akaona hana haja ya kulipia kioo hicho. Nyota haina kichwa wala miguu. Alirudi Masisi akijisifu kwamba amechagua kwa akili, na kusema kweli, kwa nyota alikuwa amechagua vizuri.

Wiki iliyofuata alifika Kibua, kijiji cha msituni upande wa Walikale. Papa Albert, kapita wa kijiji aliyewekwa na serikali kuwasimamia watu, alimpokea kama kawaida, akamletea maji na ndizi, ila hakuketi. Watoto hawakuja kulizunguka hema. Straton aliuliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu. Baadaye mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga alimnong'oneza kwamba mume wa Mama Agathe alikwenda Walikale kuuza nyama ya porini, huu ni mwezi wa pili, na hata mbwa wake hajarudi. Straton alisema pole. Kisha, jua lilipokuwa likizama, akasimamisha darubini mbele ya hema na kuielekeza kwenye mwezi mwembamba uliokuwa juu ya miti, na miti hiyo ilikuwa upande wa nyumba ya Mama Agathe.

Hakuangalia muda mrefu. Alihisi anatazamwa. Alipoinua uso, mwanya wa kila mlango ulikuwa na macho, na mara milango yote ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Aliingia hemani akafunga kamba zote, akalala na panga ubavuni kama vile panga lingemsaidia.

Asubuhi kijiji kilikuwa kitupu. Moto ulikuwa ukiwaka majikoni, kuku walikuwa wakichakura, lakini hapakuwa na mtu. Straton aliita, akaita tena, na sauti yake ikamtisha mwenyewe. Alianza kukunja hema harakaharaka, na hapo ndipo wanaume wanane walipotoka migombani na mikuki yao, bila kelele, wakamzunguka. Nyuma yao alikuja Mama Agathe, mwanamke mrefu, amejifunga kamba ya maombolezo kiunoni ingawa hakuwa amemzika mtu.

Papa Albert alisema maneno machache. Kitu cha vioo kilielekezwa kwenye nyumba ya mwenye msiba. Kila mtu alikiona. Monita aseme mume wa Mama Agathe yuko wapi, au yeye mwenyewe hatatoka Kibua. Hakufoka. Alikuwa na aibu kidogo usoni, na aibu hiyo ndiyo iliyomwogopesha Straton zaidi, maana mtu mwenye hasira hupoa.

Straton alieleza. Alisema ni mwezi alioutazama, si nyumba. Aliapa kwa Yesu na kwa mama yake mzazi. Aliwaambia chombo hakina dhambi, kinaleta karibu kilicho mbali tu, basi, hata wao wanaweza kujaribu. Alipoona mikuki haishuki, akafanya lile ambalo angelijutia maisha yake yote: alimwomba Mama Agathe mwenyewe aangalie.

Hofu ilikuwa imemfutia akili. Mambo ya Mgiriki, wavuvi wa ziwani, kioo cha ziada, vyote vilikuwa vimemtoka. Alichokumbuka ni mwezi tu, ulivyokuwa mzuri. Basi Mama Agathe akamwita bintiye, Valérie, msichana aliyekuwa na mchumba tayari, akamtuma asimame mwisho wa uwanja karibu na migomba. Straton akailenga darubini kwa kubahatisha, bila kuchungulia, maana mkuki mmoja ulikuwa kwenye mbavu zake. Mama Agathe akapiga magoti, akafumba jicho moja, akatafuta, akatafuta, akatulia.

Kisha akatoa mlio ambao haukuwa kilio wala neno. Alirudi nyuma kwa makalio, mikono ikikwangua udongo, macho hayatoki kwenye kile chombo.

"Mutoto yangu," alisema. "Kichwa iko chini. Miguu iko yulu. Umeshamutundika."

Straton alikumbuka yote kwa mara moja. Alijaribu kueleza habari ya vioo, kwamba mwanga wa jua unaingia unapishana, lakini maneno ya shule yalitoka vipandevipande na kila kipande kilizidi kumtia hatiani. Wanaume wawili walikwenda kuchungulia, kila mmoja akaona yaleyale, akarudi amebadilika rangi. Valérie aliletwa mbio, wakampapasa shingo na vifundo vya miguu wakitafuta alama ya kamba. Mwanamume mmoja alisema imetosha, wamalize. Straton alijikojolea. Hilo halikuwashangaza wala halikufichika kwa mtu, na yeye hakujali tena.

Mama Agathe ndiye aliyewazuia. Alikuwa amekaa chini bado, akihema, lakini alikuwa anawaza. Alisema wawindaji wote hapa wanajua kwamba wavu haumnasi mwenye wavu. Kama chombo hiki ni cha monita, kitamjua bwana wake, kitamwacha amesimama.

"Aende pale," alisema. "Mimi nitamuangalia."

Wakamvisha shingoni kengele ya mbao, ile wanayomfungia mbwa wa kuwinda ili wasikie alipo porini. Akikimbia wataisikia. Straton akavuka uwanja, kengele ikigonga kila hatua, mikuki minane mgongoni. Hakuwahi kutembea mbali namna ile. Alijua kioo kitafanya nini, kitamgeuza kama kilivyomgeuza msichana, ila hakujua tena kama hilo ni zuri kwake au ni baya. Mbele yake, hatua kumi tu, msitu ulianza. Miguu ilitaka. Alisimama, akageuka, akamwona yule mwanamke amepiga magoti nyuma ya kitu cheusi kidogo kilichomwelekea yeye, na hapo, kwa mara ya kwanza, alionja jinsi watu wa Kibua walivyojisikia jana jioni. Alifumba macho. Alisali Salamu Maria akakosea katikati, akaanza upya, akakosea tena.

Hakuna mkuki uliomfikia. Alipofumbua macho Mama Agathe alikuwa anakuja kwake, polepole, peke yake, na uso wake haukuwa tena na chuki. Ulikuwa na kitu ambacho Straton alishindwa kukivumilia. Alimfikia, akamvua kengele kwa mikono yake mwenyewe, akaishika ulimi isilie.

"Na wewe banakutundika, Papa," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona. Uko kichwa chini sawa mutoto yangu. Nani alikutuma huku?"

Straton alifungua mdomo kusema kwamba hakutumwa, kwamba alinunua mwenyewe Sake, kwa akili zake. Lakini hilo silo aliloulizwa. Aliulizwa ni nani anayemtuma Kibua kila mwezi na daftari, nani aliyempa kofia ya kazi, nani anayejua analala wapi siku gani na anapita barabara ipi. Aliona kwamba anamjua vizuri sana huyo mtu, na kwamba mtu huyo hajawahi kumuuliza hata siku moja kama ana watoto. Alisema jina la mzungu wa kilimo. Mama Agathe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu.

Papa Albert naye alikuja, mkuki umeelekea chini, akasema monita asirudi kwa njia ya barabara. Watamwonyesha ya msituni. Kuna vibanda vya wawindaji huko, watu walioandikwa kwenye daftari hujificha hapo mpaka mambo yapoe. Straton alitambua kwamba anapewa mahali pa kujificha pamoja na watu aliowaandika yeye, na aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kuwaambia wamekosea, kwamba ni vioo tu, kwamba hakuna batumbula.

Ndipo lori likasikika. Lilikuwa linapanda kutoka upande wa Walikale, na aliutambua mngurumo wake kabla ya wenzake: lori la serikali, lenye gia ya pili inayolia. Nusu saa mapema angelilia kwa furaha. Uwanja wote ulitawanyika. Mama Agathe alimsukuma bintiye mbele akakimbia, na Straton Hakorimana, monita wa kilimo, aliyejua vizuri kwamba ndani ya lori lile kuna yule mzungu wa kilimo, anayependa chai na anayemwita kwa jina lake la ubatizo, alikimbia nyuma yao, akapiga mbizi kwenye majani mapana, akalala kifudifudi ubavuni mwa Valérie.

Lori lilisimama uwanjani. Mlango ulifunguliwa. Hatua zilikwenda mpaka kwenye hema, zikakaa hapo, kisha sauti aliyoizoea ikaita kwa upole, "Straton? Straton, uko wapi?"

Msichana alimgeukia, macho yamemtoka, akingoja kuona atafanya nini. Straton alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ilimwita mara ya tatu, karibu zaidi, na alizidi kujiziba, kwa sababu alikuwa amesikia koo lake mwenyewe likijiandaa kuitika.