Mafuta ya Yerusalemu

Serikali iliamua watoto wa Mbumbuni wawe raia wa dunia. Maji ya bomba yangekuja baadaye, dunia kwanza.

Kazi ikamwangukia Mwalimu Gakenia, kwa kuwa alikuwa mgeni kutoka Murang'a, na wenyeji walikuwa na shughuli nyingi za kunywa chai. Kitabu kilisema utandawazi ni "mwingiliano wa mataifa katika nyanja mbalimbali". Kidato cha tatu wakaandika, wakapiga mstari, wakapiga miayo. Gakenia akakifunga kitabu.

"Kesho kila mtu aje na kitu cha kwao kilichotoka ng'ambo. Tuone kama dunia imefika hapa au bado iko njiani."

Kumbe ilifika zamani. Meza ilijaa makarai ya China, jembe la India, jezi za timu za Uingereza zilizotoboka makwapa. Kitonga alileta kiatu kimoja cha mtumba. Cha pili, alisema, baba yake alikuwa bado anakitafuta.

Kasyoka, binti wa Mchungaji Nthiwa, akaweka mezani kichupa cha mafuta ya upako. Nani hakukijua? Kibandiko kilisema YERUSALEMU kwa rangi ya dhahabu, na akina mama walipakwa wao, wakaomba hata ng'ombe wao wapakwe.

"Vizuri sana," Gakenia akasema. "Hii ni Israeli."

"Hapana, Madam. Chupa ndiyo ya ng'ambo, ya China. Hayo mafuta ni ya alizeti, tunanunua Matiliku kwa mtungi. Mimi ndiye hujaza."

"Na Yerusalemu?"

"Hiyo tunachapisha Machakos."

Darasa likacheka mpaka madawati yakasogea. Mwalimu mwenye busara angebadilisha mada. Lakini Gakenia alikuwa amehangaika muhula mzima akitafuta mfano wa utandawazi, na huu hapa, umekuja na kifuniko chake. Akampa Kasyoka kumi kwa kumi.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika sokoni, na soko zima lilikuwa limesahihisha mtihani ule.

Jumatatu Mchungaji alifika ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Kiema, na akina mama wawili wa maombi.

"Huyu anafundisha watoto wetu uraia wa dunia," akaanza, kidole kikimlenga Gakenia. "Sisi ni raia wa mbinguni! Dunia moja, serikali moja, mnajua inaishia wapi? Sita sita sita!"

"Ashindwe!" akina mama wakaitikia.

"Namtoa Kasyoka hapa leo. Atakaa nyumbani asaidie kanisa."

Msichana aliyeongoza darasa zima, amebakisha mwaka mmoja tu amalize, sasa arudi kujaza vichupa kwa kosa la kujibu swali. Gakenia akamtazama Bwana Kiema. Bwana Kiema, ambaye uongozi wake wote ulikuwa shingoni, akatikisa kichwa kukubali.

Mchungaji akawatuma akina mama nje wazunguke jengo wakikemea. Mlango ulipofungwa, sauti yake ikashuka.

"Mwalimu. Hako kachupa kako wapi?"

"Kwa kabati, Mchungaji. Ni kifaa cha kufundishia. Afisa wa elimu anakuja kukiona."

Hakukuwa na afisa. Afisa wa mwisho kufika pale alikuwa amepotea njia.

Mchungaji akatoa kitambaa, akajifuta. "Si unajua watoto. Husema ovyo."

"Kasyoka hasemi ovyo. Husema sawasawa, na kwa sauti. Akiwa darasani anasikiwa na wenzake tu, na ya sokoni ni uvumi. Ukimweka pale kanisani mchana kutwa, na kila mama anayekuja kupakwa anamuuliza..."

Mchungaji akatazama dirisha. Huko nje pepo la utandawazi lilikuwa linakemewa kwa nguvu.

"Hata Paulo," akasema taratibu, "alizunguka dunia sana."

"Sana, Mchungaji."

"Na hakupotea."

"Hakupotea hata kidogo."

Bwana Kiema akatikisa kichwa tena.

Kesho yake Kasyoka alikuwa darasani, na kichupa kikarudi kwa mwenyewe kimefungwa kwa gazeti. Jumapili Mchungaji alihubiri juu ya kanisa la kimataifa. Akamwita Gakenia mbele, akamtangaza rafiki wa injili, akamkabidhi kichupa kipya. Kibandiko nacho kilikuwa kimesoma somo: YERUSALEMU NA MATAIFA YOTE. Gakenia akashukuru, akapigiwa makofi, uso ukimwaka moto. Kwenye kinanda, Kasyoka alikuwa akihesabu mabati ya paa.

Jumatatu msichana akamngoja mlangoni.

"Madam, ulijipaka?"

"Nilikaangia mayai."

"Yalishika kikaangoni?"

"Hayakushika hata kidogo."

"Eeh," Kasyoka akasema, akifungua daftari. "Hata mwaitu, mama yangu, hukaangia hayo hayo. Baba anapenda sana."