Mama Mwenye Afya, Picha Nambari Moja

Watu wa mtaa wetu wa Mowlem wakikwambia Mzee Shiundu ni mwongo, usibishane nao. Waambie tu kwamba kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mchoraji mkuu wa kiwanda cha rangi, na kwamba simba niliyemchora getini aliwafanya paka wote wa Umoja wahamie Buruburu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naandika nambari kwenye mapipa. Nane zangu zilikuwa nzuri sana.

Ndiyo maana Sista Ndete, muuguzi wa kliniki, alipotafuta mtu wa kuwachorea wakunga picha, mkono wangu ulipaa kabla akili haijaulizwa. Alikuwa anawafunza wakunga wa mtaa katika ukumbi wa kanisa: wasizalishe tena nyumbani, wazijue dalili za hatari, na wamsindikize mama hospitalini mapema. Wengi wao hawasomi, kwa hivyo alitaka picha sita, tano za hatari na moja ya mama mwenye afya, ya kulinganishia.

Mfano wa afya nilikuwa naye nyumbani. Binti yangu Lorine alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza iliharibika, akakaa mwaka mzima bila kucheka, hata nikidanganya vizuri. Safari hii nikajiteua mlinzi. Supu ya miguu ya ng'ombe asubuhi, ugali na mrenda mchana, chapati jioni. Mashavu yakajaa, nami nikazunguka mtaa mzima nikijisifu.

"Baba, pete haitoki," aliniambia wiki ile nilipoanza kumchora. "Na kichwa kinagonga."

"Mwili unarudi huo, mama. Huo ndio unono wa kwetu."

Nikamwambia hata kliniki isubiri Jumatatu ijayo, apumzike, nimalize kumchora. Nilimchora siku mbili. Kwa mara ya kwanza maishani sikutia chumvi.

Jumatano nikazibandika picha ukutani. Wakunga wakaangua kicheko. Mtoto niliyemchora akitanguliza miguu alifanana na mfungwa anayeruka ukuta wa jela. Kwenye picha ya kutokwa damu, mmoja akauliza kama mama amemwagikiwa na tomato sosi.

Mama Mahad, mkunga wa Kisomali aliyezalisha nusu ya watoto wa ploti yetu, hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya kwanza.

"Mzee, hii umeiweka mahali si pake. Ni ya hatari."

"Hiyo? Hiyo ni afya tupu! Nambari moja!"

"Macho yamemezwa na nyama. Vidole vimejaa. Jana Sista alitufunza nini? Uso ukivimba, mikono ikivimba…" Akanigeukia. "Umeongeza wewe?"

Sijawahi kutamani uongo kama siku hiyo.

"Sijaongeza. Ndivyo alivyo."

"Kichwa kinamuuma?"

"Kinagonga kidogo tu."

"Wallahi, Shiundu! Yuko wapi?"

Nilipomwambia yuko nyumbani, akavua viatu akatangulia mbio, Sista Ndete nyuma yake na mashine ya presha kwapani. Mimi nilikuwa wa mwisho kufika kwangu mwenyewe. Lorine alikuwa ameketi kitandani, anasema anaona vimulimuli mchana kweupe. Sista akasoma mashine: mia na themanini kwa mia na ishirini. Hakusema neno ila "Teksi."

"Usimkande, usimpe chai, usimpigie hadithi," Mama Mahad akaniagiza. "Keti mbele na unyamaze."

Nikanyamaza mpaka dereva, ambaye ananifahamu, akaniuliza kama naumwa jino.

Hospitalini daktari alisema ni presha ya mimba, na kwamba tungechelewa kidogo tu, kifafa cha mimba kingempata. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Mama Mahad alimshika mkono mpaka mlangoni, akabaki hapo hapo. Mimi nikabaki kwenye korido, fundi wa chapati, nikijaribu kuhesabu siku nilizomwambia binti yangu kwamba ananenepa vizuri.

Baada ya saa mbili Mama Mahad akanijia, anajifuta uso kwa mtandio.

"Msichana. Kilo mbili. Analia kama muuza mitumba wa soko la Muthurwa."

"Na Lorine?"

"Presha inashuka. Bado wanamwangalia. Ameniuliza uko wapi."

Nikakaa sakafuni pale pale. Mlinzi wa hospitali akaja mbio. "Mzee, wewe ni mgonjwa ama umekuja kuona mgonjwa?"



"Huyu ni babu," Mama Mahad akamwambia. "Mletee kiti."