Mwendo wa Dubwana

Saa nne asubuhi, siku mbili kabla filamu haijaanza kuonyeshwa kwa watu wote, waandishi tisa walikaa kwenye ukumbi wa sinema unaonuka dawa ya kusafishia sakafu, wakatazama toleo jipya la ile filamu ya zamani ya dubwana linalobomoa mji. Mhakiki wa gazeti, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, alikaa safu ya tano na daftari mapajani. Nusu saa ya kwanza aliandika: "Kelele nyingi, hadithi kiduchu." Kisha dubwana likatoka baharini likiburuta mguu wa kushoto, na kalamu ikamdondoka.

Mwendo ule aliujua. Ulikuwa wa mjomba wake, vilevile anavyotoka chumbani kwenda bafuni.

Miaka arobaini nyuma, mjomba ndiye aliyevaa vazi la mpira katika filamu ya kwanza. Mguu wa kushoto wa vazi ulishonwa mfupi. Siku ya tatu goti likateguka, akaanza kuburuta mguu kwa maumivu, na mwongozaji akapiga makofi: "Hivyohivyo! Usibadilishe!" Filamu ikavuma dunia nzima. Kwenye orodha ya majina mwishoni waliandika kwamba dubwana limechezwa na dubwana lenyewe. Mjomba alisimulia kila mahali, na mtaa ukamcheka mpaka ukambandika jina la Mzee Chumvi, maana kutia chumvi gani huko, jamani! Hata marehemu mkewe alikwenda kaburini akiamini goti liliumia kwenye baiskeli. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Filamu ilipokwisha, waandishi wanane wakainuka. Mhakiki hukaa hadi jina la mwisho, tabia iliyokwisha kuwakimbiza wanaume wawili waliompeleka sinema kwa nia njema. Dubwana nalo likabaki. Lilitoka kwenye pazia la sinema, likajikunja chini ya dari, likakaa safu ya nne kusoma. Mfagiaji akaliomba lisogeze mkia, likausogeza. Majina mia nane yakapita: mafundi wa kompyuta, wapishi, hata mtu aliyetunza mbwa wa mwongozaji. La mjomba halikuwemo.

"Aliyenifundisha kutembea mbona hayumo?" dubwana likauliza.

"Yuko nyumbani, ghorofa ya tatu," mhakiki akasema. "Twende."

Nje likajinyoosha, likawa refu kuliko benki. Trafiki akasimamisha magari, akawaruhusu wavuke.

Mjomba alikuwa anapiga pasi shati lake karibu na dirisha.

"Shikamoo, Mjomba. Nimekuletea mgeni."

"Marahaba, mwanangu." Akalitazama jicho lililojaa dirishani, akaweka pasi chini. "Wewe! Mbona njia nzima unainamisha bega? Goti ndilo linalovuta, si bega. Nani kakudanganya?"

Dubwana likaomba radhi. Mjomba akavaa viatu, akashuka, na wakaupita mtaa mara mbili, yeye mbele, lenyewe nyuma, hadi bega likanyooka. Kinyozi, bingwa wa kumtania, akatoka na wembe mkononi, mteja wake kanyolewa nusu. Akautazama mguu wa mzee. Akautazama mguu wa dubwana.

"Mzee, kumbe kweli!"

"Miaka arobaini nawaambia!" Mjomba akalia palepale barabarani, machozi ya raha, wala hakuyafuta. Watu wakapiga makofi na miluzi kwenye roshani zote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyethubutu tena kumwita Chumvi.

Mhakiki akaandika: "Mwendo ni wa mjomba wangu. Kilichobaki kwenye filamu ni moshi." Mhariri akaifuta sentensi ya kwanza.

"Nimewaona kwa macho yangu, dada, hata picha nimepiga," akasema. "Lakini kampuni inasema mwendo umebuniwa na kompyuta, na filamu ni yao."

Mhakiki akagomba, akapiga meza, akatishia kuacha kazi. Gazeti likatoka na moshi peke yake.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya wakili wa kampuni. Mwendo ule ni mali ya kampuni, na mzee anaombwa asiutumie hadharani bila kibali cha maandishi. Mhakiki aliisoma kwa sauti. Mjomba akamwomba arudie hapo penye kibali. Akacheka hadi akakohoa.

"Waambie waniletee goti langu," akasema, "niwaachie mwendo wao."

Akashuka ngazi akiburuta mguu wa kushoto, moja baada ya moja, bila haraka. Kinyozi alimfungulia mlango wa chini, na mtaa mzima ukasimama.