Ubeti wa Cresensia

Kazi yangu kwa Mwalimu Fidelis ilikuwa kusikiliza. Nilipika na kufua pia, lakini hayo angeweza mtu yeyote. Mwalimu alikuwa na santuri zaidi ya mia mbili, karibu zote za misa, vinanda na fidla za Ulaya, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa linafuata. Daktari alisema huenda likafika Krismasi.

Tuliishi Makambako, nyuma ya yadi ya mbao, katika nyumba ya binti yake, Flora. Malori yalipita mchana kutwa, kwa hiyo gramafoni ilikaa juu ya kreti lililojazwa vumbi la mbao ili sindano isiruke. Padri mmoja aliyeko Ujerumani, mwanafunzi wake wa zamani, alimtumia santuri kila baada ya miezi michache. Nyingi zilikuwa rekodi za zamani zilizotolewa upya. Tulipiga toleo la zamani kwanza, kisha jipya. Nilimwambia tofauti karibu na sikio la kulia, yeye akaandika kwenye daftari, na Flora akaupiga picha ukurasa na kuwatumia walimu wastaafu wa kwaya wa Songea na Iringa. Nao walikusanya santuri, na walitaka kujua ipi inafaa kutafutwa.

"Hii wameisafisha mno," nilimwambia siku moja kuhusu misa ya Haydn. "Wameondoa hata pumzi. Wanaimba kama watu wasiovuta hewa."

Mwalimu akaandika: Wenye ya zamani waishike. Mpya wasihangaike nayo.

Niliipenda kazi ile kwa sababu haikunitaka niseme mengi. Mbele ya watu maneno hunikauka tangu utotoni. Nilipoacha shule darasa la tano zilipita wiki mbili kabla mwalimu hajauliza niko wapi. Lakini kuimba niliweza. Kijijini kwetu, kwenye misheni karibu na Njombe, niliimba sauti ya kwanza tangu nina miaka kumi na mitatu, nikiwa katikati ya wenzangu, mahali ambapo mtu anasikika bila kuangaliwa.

Kulikuwa na santuri moja ambayo haikupigika hadi mwisho. Ilirekodiwa kanisani kwetu mwaka 1971: misa ya wafu, kwaya ya misheni, Mwalimu Fidelis akiongoza. Ubeti wa mtu mmoja aliuimba Cresensia, msichana wa miaka ishirini, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Mwalimu. Ubeti huo ulikuwa umekwaruzwa. Sindano ikifika pale ilisikika pumzi moja ya Cresensia, kisha iliruka hadi kwaya nzima inapoingia.

"Nilikuwa na miaka minne," Flora alisema kila santuri ile ilipotajwa. "Nilitaka kuona mama amekaa wapi humo ndani. Nikachokonoa kwa uma."

"Uma wangu wa sikukuu," Mwalimu alisema.

"Baba, unausikitikia uma au ubeti?"

"Vyote. Uma nao ulipinda."

Walicheka, lakini Cresensia alikuwa amefariki miaka kumi na miwili nyuma, na sauti yake haikuwa imehifadhiwa mahali pengine popote. Mwalimu alitaka kitu kimoja kabla sikio halijafunga: kuusikia ubeti ule mzima.

Mwezi wa Oktoba yule padri akapiga simu. Kampuni moja ndogo huko aliko ilikuwa imezipata kanda za asili na ilikuwa inaitoa upya misa ile, nakala mia tano. Nakala ya Mwalimu ilikuwa njiani.

Furushi lilifika na basi, na Flora akalifuata stendi saa tatu asubuhi. Mwalimu alikuwa ameshavaa koti na tai. Nikaitoa santuri, nikaipulizia vumbi ambalo haikuwa nalo, nikaiweka. Alivuta kiti hadi goti lake likagusa spika.

Ilikuwa rekodi nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikilizia. Nilisikia benchi likilia, mtu akikohoa mbali, na mvua juu ya bati. Katika santuri ya zamani hapakuwa na mvua.

"Kuna mvua," nilimwambia.

"Ilinyesha. Tuliisubiri ikatike, haikukatika, ndugu wa mashine ya kurekodi akasema tuimbe hivyo hivyo."

Kisha kwaya ikanyamaza, kikabaki kinanda. Nikasikia Cresensia akivuta pumzi. Ilikuwa karibu sana, kama ya mtu aliyesimama kati yangu na spika. Halafu hakuna. Kinanda kiliendelea, mvua iliendelea, na pale palipotakiwa kuwa na sauti palikuwa wazi. Haikuwa imefutwa. Sauti iliyofutwa naijua, huacha matundu. Hii ilikuwa kama mtu amefungua mdomo na kubaki hivyo, anasubiri.

Mwalimu akageuza uso. "Mbona simsikii? Feliciana, ni sikio langu? Ameanza?"

Maneno yakanikauka. Ningemwambiaje kwamba hayupo? Niliinama nyuma ya kiti chake, nikasogeza mdomo kwenye sikio la kulia, nikaimba.

Ubeti niliujua, kwani kwaya yetu bado huuimba. Nilikosea pale ninapokosea siku zote: katika neno la tatu, linalopanda juu, nilivuta pumzi kabla halijaisha. Mwalimu hakuonyesha kujali. Machozi yalimshuka hadi kwenye tai, na kwaya ilipoingia alilishika sanduku la spika kama anayemshika mtu asiondoke.

"Ndiye," alisema.

Nilipoinuka nilimwona Flora mlangoni. Hakuwa anamtazama baba yake.

"Feli," alisema kwa sauti ndogo ambayo mzee asingeisikia. "Umeimba peke yako."

Kwetu, mwimbaji wa ubeti akifa, ubeti wake hauimbwi na mtu mmoja mpaka uombwe. Siku ya Marehemu Wote kwaya huenda kaburini kwake na kuimba hadi inapofika zamu yake, kisha wote hunyamaza, mwalimu anaendelea kupiga mkono hewani, mpaka ubeti mzima upite kimya. Halafu hutaja majina mawili, la marehemu na la anayepokea. Kabla ya hapo huimbwa na wawili, ili marehemu asidhani kwamba amepata mtu wa kubadilishana naye. Ubeti wa Cresensia tuliuimba wawili wawili miaka yote ile, kwa sababu wa kuuomba alikuwa Mwalimu, na Mwalimu alikataa. Alisema sauti ya mke wake si kiti cha kuhamishwa. Mwaka uliofuata akahamia Makambako.

"Ni sebuleni tu," nilimwambia Flora. "Si kanisani."

"Haya," alisema, akaenda kuinjika maji.

Kesho yake baada ya chakula Mwalimu alitaka tena. Nikasimama nyuma ya kiti, tayari. Pumzi ya Cresensia ikavutwa, nami nikafungua mdomo, lakini sauti ilitoka kwenye spika.

Ilikuwa sauti yangu. Mtu huijua yake hata asipotaka. Katika neno la tatu ilivuta pumzi katikati. Juu yake ilinyesha ile mvua ya bati, mvua ya zaidi ya miaka thelathini kabla sijazaliwa.

Nilikwenda jikoni, nikachukua kisu na viazi, nikajaribu kuimba chochote, hata wimbo wa watoto wa chekechea. Ikatoka hewa. Kusema niliweza kama kawaida. Nikajaribu tena wimbo, na tena, mpaka Flora akauliza ni nani anayehema hivyo.

Mwalimu aliipiga kila siku, wakati mwingine mara mbili. Kila mara sauti ile ilizidi kujaa, na mimi nilizidi kupungukiwa. Siku ya nne hata kuguna kwa wimbo, mdomo ukiwa umefungwa, kulikuwa kumekwisha. Siku ya sita ukaja ujumbe kutoka Songea, Flora akausoma kwa sauti:

"Mwalimu, nakala yangu imefika. Huyo binti wa soprano ni dhahabu, tafadhali wote waitafute santuri hii. Ila mwambie asivute pumzi katikati ya neno."

Flora alianza kucheka, kisha akaacha. Akanitazama, akaiweka simu mezani ikiwa imelala kifudifudi.

Nakala zilikuwa mia tano. Tangu siku ile, nikiwa nafagia au naanika nguo, koo langu lilifunguka lenyewe na pumzi ikavutwa bila mimi kutaka. Hapo nilijua kwamba mahali fulani, katika nyumba nisiyoijua, mtu ameshusha sindano.

Flora aliniambia nimweleze baba yake. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba nikimweleza nitakuwa nimemnyang'anya mkewe, na sikio lenyewe, alikuwa anasema, sasa ni kama limetiwa pamba. Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu aliponiita niweke santuri, nilikwenda kwenye lile sikio.

"Mwalimu, huyo si Mama Cresensia. Ni mimi."

Lori la mbao likapita, vikombe vikagongana kabatini.

"Ile pumzi," alisema mwishowe. "Yeye hakuwahi kuikosea. Nilidhani amezeeka huko aliko."

"Siku ya kwanza alivuta pumzi tu. Hakuimba. Nikaimba mimi, na sasa siwezi kuimba tena."

"Imba."

Alileta sikio lake mdomoni kwangu na kusubiri. Nikajaribu.

"Ni sikio?" aliuliza.

"Si sikio, Mwalimu."

Alisimama akafunga kifuniko cha gramafoni kwa mikono yake mwenyewe. "Marehemu Wote ni Jumapili," alisema. "Nilimzuia miaka kumi na miwili. Mtu akizuiwa hivyo hushika kinachopita karibu."

Ijumaa asubuhi Flora alimwamkia, "Kamwene, baba," naye akawa anaangalia midomo yake. Akasema subiri kidogo, akaligonga sikio kwa kiganja kama redio iliyozima. Mchana tulikuwa tunamwandikia kwenye daftari.

Jumapili tulikwenda misheni kwa gari la kukodi. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka makaburini, na kwaya ilikuwa imeshapangwa. Mama Lidia, aliyesimama bega kwa bega na Cresensia mwaka ule wa rekodi, alimshika Mwalimu mkono akasema mengi, kisha akagundua kwamba hasikii, akabaki amemshika tu.

Kwaya iliimba bila kinanda. Ilipofika zamu, wakanyamaza. Mwalimu aliendelea kupiga mkono hewani, taratibu, bila kukosea hata pigo moja, ubeti mzima. Kisha akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia:

"Cresensia. Feliciana."

Nikatoka kwenye mstari. Kila mtu aliniangalia. Nilifungua mdomo nikitegemea hewa.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nzito kidogo kuliko yangu, ya msichana asiye na haraka, na Kilatini ilikitamka kwa namna ambayo sikuwahi kufundishwa. Katika neno la tatu ilipanda na kukaa juu, neno likaisha lote, ndipo ikashuka. Mama Lidia alijifunika mdomo kwa kitenge. Flora, ambaye hakuwa ameisikia sauti ya mama yake kwa miaka kumi na miwili, aliketi kwenye majani yenye umande na nguo zake za kanisani.

Mwalimu hakusikia kitu. Alikuwa hatua moja mbele yangu. Mkono wake ulipiga, macho yakiwa mdomoni kwangu, akifuata maneno. Kwenye neno la tatu niliona anangoja midomo yangu ifunge pale inapofunga siku zote. Haikufunga. Mkono wake ukasimama hewani.

Ubeti ukaisha. Kwaya ilitakiwa kuingia na hakuna aliyeingia.

"Nini?" alimwuliza Flora. "Mbona hawaingii?"

Flora alichukua daftari, akaandika neno moja, kalamu ikamponyoka. Sijui kama Mwalimu alilisoma. Alizunguka nyuma yangu na kuniwekea kiganja mgongoni, kati ya mabega, kama walimu wa kwaya wanavyowafanyia wanaoanza.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Nilihisi kiganja kikistuka, kisha kikatulia na kukandamiza. Niliporudia mara ya tatu alikuwa ameegemeza na paji la uso wake. Sikujua, akiinua mkono, ni nani atakayebaki kwenye koo langu, mimi, Cresensia, au hewa. Kwa hiyo sikunyamaza. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, ukungu ukapanda ukaacha misalaba wazi, na mzee hakuinua mkono.