Sifuri ya Jumatatu

...na usitabasamu sana, Felicitas, mgeni atajua kuna kitu unaficha, na huo mkono nao utoe juu ya daftari, nani anaweka kiganja juu ya daftari la wagonjwa namna hiyo, lakini mkono hautoki, na huyu Bwana Albano aliyetumwa kutathmini mfumo wa taarifa za magonjwa amekaa mbele yangu na kishkwambi chake, mpole, jasho puani, ananisomea swali kwa mara ya pili, "Sista, kwa kipimo cha moja hadi tano, mfumo huu wa kutuma taarifa kila wiki una manufaa kiasi gani kwenye kazi yako?" na mimi nasikia manufaa, nasikia kazi yako, basi, kwa sababu kichwani nina majina matatu tu, Nassibu, fundi ujenzi, miaka thelathini na nne, Tabu, ishirini na sita, Farhan, ishirini, wote wameandikwa Jumamosi mchana, wote kuhara maji na kutapika, na anwani yao moja, kwa Mzee Suleiman, kisimani, mwandiko wa Revelian, tabibu wetu wa zamu, aliyewapa pakiti za kuchanganya na maji, akawarudisha nyumbani, akafunga mlango akaenda mpirani, na mimi ndiyo kwanza nimeyasoma leo, dakika moja kabla ya Albano kupiga hodi, wakati ripoti ya wiki nilishaituma tangu saa kumi na mbili asubuhi, mswaki mdomoni, simu mkononi, nyota, namba, reli, kipindupindu sifuri, surua sifuri, sifuri, sifuri, tuma... daftari liko hapa zahanati ya Mtoni na mimi niko uani kwangu natema povu.

"Usiwe na wasiwasi, sista, nyie ndo mnaongoza," anasema Albano, "mwaka mzima hamjachelewa hata wiki moja, wenzenu tunawaambia waje wajifunze kwenu," waje wajifunze nini, Mungu wangu, waje wajifunze kupiga mswaki? Kuwahi ndiko kunakobandikwa ukutani, kijani aliyewahi, nyekundu aliyechelewa, hakuna rangi ya aliyehesabu, na sikuanza hivi, nilihesabuga mimi, masika ya mwaka juzi nilituma watoto wanne wenye vipele na homa, nikakaa na simu mkononi nikingoja mtu aje, siku tatu, wiki, wiki mbili, ikarudi meseji moja tu, ahsante, ripoti yako imepokelewa, ile ile inayorudi ukituma sifuri, na mwenzangu Jonas wa zahanati ya kule mbele alipotuma mgonjwa mmoja wa kuhara alipigiwa simu akafokewa, umethibitisha? una uhakika? unajua unaleta taharuki? hadi leo kwenye vikao wanamwita Taharuki, wanacheka, na mimi nilicheka, ndiyo, nilicheka, nikarudi nyumbani nikazoea sifuri, sifuri haina maswali.

Saa ya ukutani inasema saa tano na dakika ishirini. Hamida alikuja saa mbili... Hamida anayetufagilia hapa, kajitanda kanga, anaomba ruhusa, "Shikamoo dada Feli, leo nisamehe sitafagia, tuna hitima ya babaangu, arobaini imefika, watu wanakula baada ya swala ya adhuhuri, na wewe uje, usiseme we Mkristo, biriani haina dini," nikacheka, nikamwambia nitakuja, na akiwa mlangoni akageuka, "Shida tupu dada, bomba halijatoa tangu Alhamisi, tumeteka yote kwa Mzee Suleiman, mapipa matano," na mimi nikamwambia poleni, nikamwambia poleni na kazi! Mapipa matano, biriani itachemka, sawa, lakini kachumbari itaoshwa na nini, na juisi ya ukwaju, Hamida na juisi yake ya ukwaju anayoikoroga kwenye ndoo kubwa na barafu, na watu mia na ushee wananawa kwenye beseni moja, wazee, watoto wa madrasa... labda siyo, labda ni chakula kibaya tu, chipsi za Jumamosi, watu wanahara mji huu kila siku, ukisema ndiyo na ikawa siyo utakuwa Taharuki wa pili, na ukisema ndiyo na ikawa ndiyo wataangalia ripoti ya leo, wataona sifuri, wataona saa, watauliza sista ulihesabu saa ngapi, na miaka kumi na tisa ya kazi imekwisha.

Naogopa. Anayekuja kichwani ni yule dereva wa lori, Gibson, mwaka ule nikiwa mwanafunzi kambi ya kipindupindu, vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini, aliingia kwa miguu yake saa nne akinitania eti mchumba nitafutie soda, saa tisa macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, akaniuliza kwa sauti isiyotoka, sista, mbona kiu haiishi, na saa kumi na moja nilimfunika mimi, na Hamida ana vidole vyembamba, Hamida huwa ananiwekea chai kabla sijaomba...

"Sista? Niandike tano?" anauliza Albano, kidole kiko juu ya kioo, na kweli anataka kunisaidia, anataka aniandikie tano aondoke, na mimi nafikiri huu mfumo ninaoulaumu kwamba hauoni, huku Mtoni macho yake ni nani kama siyo mimi, nimeyafumba mwenyewe kila Jumatatu, mwaka mzima, halafu nangoja uje unisaidie.

"Andika sifuri."

"Hakuna sifuri, sista," anacheka, "inaanzia moja."

"Ipo, nimeituma mwenyewe leo asubuhi, na ni uongo," nasema, na mkono umetoka, daftari liko wazi kwenye ukurasa wa Jumamosi, namsukumia asome, na mkono mwingine unatafuta jina la Hamida kwenye simu, inaita, saa tano na dakika ishirini na tatu, inaita, pokea mama, pokea, usimpe mtu maji.